Neno la Jumapili: Kusifu, Kukosoa, na Kubaki

Masomo: Matendo ya Mitume 18:24–28, Waefeso 4:15, 29, Ufunuo 2:1–7



Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi ya wazee wetu watashangaa kulisikia kanisani, nalo ni gemu za mtandaoni na maneno ambayo watu huandikiana kuzihusu. Tusiharakishe kusema kwamba hayo ni ya watoto. Katika nyumba nyingi za usharika huu, kuanzia Barking hadi Woolwich na Tottenham, kijana wetu akimaliza kazi za shule hufungua gemu, na humo hukutana na watu wengi kuliko wale anaowaona hapa kanisani Jumapili. Humo husifiwa na hutukanwa, na humo humo hujifunza kusifu na kutukana. Kwa hiyo swali letu la leo ni hili: mtu anapotuletea kazi ya mikono yake, tumwambieje lililo jema na lililo baya ndani yake ili ajengeke?

Gemu ya daladala

Kijana mmoja wa usharika wetu ana miaka 16. Yeye na wazazi wake wameturuhusu kusimulia habari zake, ila jina tumeliacha. Kuanzia likizo fupi ya Oktoba hadi karibu na Pasaka alikuwa akitengeneza gemu yake mwenyewe, usiku, kwenye laptopu ya zamani ya dada yake. Ni gemu ya daladala inayotoka Mbagala kwenda Kariakoo siku ya mvua. Mchezaji ndiye dereva. Konda anapiga kelele mlangoni, abiria wanadai chenji, na maji yamejaa barabarani. Kijana huyu amezaliwa hapa London. Dar es Salaam amefika mara moja tu, akiwa na miaka tisa, na alichokibeba moyoni kutoka safari ile ndicho alichokiweka ndani ya gemu.

Alipoimaliza aliipakia kwenye tovuti ambako watu huweka gemu walizotengeneza wenyewe. Baada ya siku mbili maoni yakaanza kuingia. Mmoja aliandika kwamba ni takataka. Mwingine akamwambia aifute, asiwapotezee watu muda. Wa tatu akawadhihaki wazazi wake na nchi walikotoka. Rafiki zake wa shule nao wakaweka alama za moto na kusema ni kali sana, ingawa baadaye aligundua kwamba wawili kati yao hawakuifungua kabisa.

Akaiondoa. Kwa wiki mbili hakugusa ile laptopu.

Lakini katikati ya maoni hayo kulikuwa na maneno ya mtu mmoja asiyemfahamu. Mtu huyo alisema sauti ya mvua juu ya bati la gari ni nzuri, na kwamba konda alimchekesha. Kisha akasema gari linakata kona kama mtumbwi, na kwamba kwenye hatua ya tatu mtu akigusa ukuta wa soko ananasa hapo hapo na hawezi kuendelea. Akaeleza jinsi anavyofikiri kasoro ile inaweza kurekebishwa. Akamalizia kwa kusema kwamba ikishatengenezwa atarudi kuicheza tena. Kijana akayasoma tena maneno hayo, akafungua laptopu, akaanza na ule ukuta.

Na sisi tulisema nini?

Wapendwa, ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuulaumu mtandao. Lakini tulipozungumza na kijana huyu tulijifunza jambo lililotuhusu sisi.

Siku aliyomwonyesha mama yake ile gemu, mama aliitazama kidogo akauliza, "Na hesabu je? Mitihani ni Mei." Mama mwenyewe ndiye aliyetusimulia, na alilia akisimulia. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, alikuwa na hofu ya GCSE kama mzazi yeyote, na hakuwa na nia mbaya. Ila mwanawe alikuwa amemletea Mbagala yake mwenyewe, mahali alipozaliwa, na yeye akauliza juu ya hesabu.

Kisha tukafika kwetu wazee wa kanisa. Kijana huyu ndiye aliyekuwa akiendesha projekta kwa miaka miwili. Kila Jumapili alifika kabla ya sisi, akaunganisha nyaya, akaandaa maneno ya tenzi kwenye skrini. Katika miaka hiyo miwili hatukumbuki kumwambia neno lolote jema juu ya kazi hiyo. Siku maneno yalipochelewa ubeti mzima, tuliandika kwenye kundi la WhatsApp la usharika, mbele ya watu wote, kwamba vijana wa siku hizi hawako makini. Watu kumi na moja wakaweka alama ya kidole gumba. Wiki iliyofuata akamwomba mama yake atuambie tumtoe kwenye zamu, nasi hatukuuliza sababu.

Basi ni nani aliyemfundisha kijana wetu kwamba kazi ya mtu huonekana siku inapoharibika tu? Si wageni wa mtandaoni peke yao. Alilisikia kwetu kwanza.

Wengi wetu tumelelewa na methali isemayo mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumeishika sana. Tunaogopa kwamba mtoto akisifiwa atavimba kichwa, basi tunanyamaza, na tunafikiri kunyamaza ni malezi. Lakini wazee hao hao waliotupa methali hiyo walitupa na nyingine: mcheza kwao hutunzwa. Mtu akicheza nyumbani kwao, watu wake husimama wakamtuza. Kijana asipotuzwa kwao, atatafuta kutuzwa kwingine, tena kwa watu ambao hawatamwambia ukweli.

Prisila, Akila na Apolo

Tufungue Neno. Masomo yetu matatu ya leo yote yanatupeleka mji mmoja, Efeso.

Katika Matendo sura ya 18 anafika Efeso mtu msomi kutoka Iskanderia, jina lake Apolo. Ni hodari wa kusema, anayajua Maandiko, na moyo wake unawaka. Ila mafundisho yake yana pengo: anaujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila wanamsikia akifundisha katika sinagogi. Wangeweza kusimama pale pale wakamkatiza mbele ya watu. Wangeweza pia kupiga makofi na kumwacha aendelee na pengo lake, kwa kuwa anaongea vizuri. Hawakufanya hivi wala vile. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Tuangalie mambo mawili hapa. La kwanza, walimsikiliza kwanza. Walijua hasa ni nini alichokuwa nacho na ni nini alichokosa. La pili liko katika mstari wa 27, nao tunauruka mara nyingi. Apolo alipotaka kwenda Akaya, ndugu walimtia moyo na wakaandika barua ili wanafunzi wa kule wampokee. Kwa hiyo alirekebishwa faraghani, na aliungwa mkono kwa barua iliyoandikwa kwa wanafunzi wa kule. Sisi kwa kijana wetu tulifanya kinyume kabisa: kasoro tuliitangaza kundini, na shukrani, kama tulikuwa nayo, tulibaki nayo moyoni.

Paulo naye, akiwaandikia Waefeso, anawataka waseme ukweli wakiwa katika upendo, na anawaonya wasitoe vinywani mwao neno bovu, ila lile linalojenga kulingana na haja ya msikiaji. Linalotazamwa hapo ni haja ya msikiaji. Anayesema anaweza kuwa na haja ya kutoa hasira yake au kuwachekesha wenzake, lakini Paulo anamwelekeza kwa yule atakayelipokea neno. Baadhi ya tovuti za gemu humpa mtu vidole viwili vya kubonyeza, cha juu na cha chini. Kidole hakijengi. Fundi hawezi kujua kutoka kwenye kidole kama kibaya ni usukani au ni ukuta.

Barua kwa kanisa la Efeso

Miaka mingi baadaye kanisa hilo hilo la Efeso linapokea barua nyingine, safari hii kutoka kwa Bwana mwenyewe, katika Ufunuo sura ya 2. Anaanza kwa kuyataja mema yao moja moja: kazi yao, taabu yao, subira yao, jinsi walivyowapima mitume wa uongo wakawatambua. Hasemi tu kwamba wao ni wazuri. Anayataja, kama mtu aliyekuwa akiwatazama siku zote. Halafu anawaambia kasoro yao bila kuifunika: upendo wao wa mwanzo wameuacha. Anawaonyesha njia ya kurudi, wakumbuke walikoanguka, watubu, wayafanye tena matendo ya kwanza. Anawaonya itakavyokuwa wasipotubu. Kisha anarudi tena kwenye jema lao, kwamba wanayachukia matendo ya Wanikolai, na anamaliza kwa ahadi.

Wengine watauliza: basi kila karipio lazima lianze na sifa na kumalizika na sifa? Hapana. Tukizisoma barua zote saba tutaona kwamba Smirna na Filadelfia hawakukaripiwa hata kidogo, na Laodikia haikupata sifa hata moja. Bwana hapimi kikombe kimoja cha sifa na kikombe kimoja cha lawama. Anasema lililo kweli juu ya kila kanisa. Kinachofanana katika barua zote ni kwamba anawajua anaowaandikia na anataka wapone. Hata Laodikia, waliokaripiwa bila sifa, wanaambiwa kwamba anawakemea kwa sababu anawapenda, na mara hiyo tunamwona amesimama mlangoni pao akibisha. Hakutupa maneno akaondoka.

Kwa sababu hiyo tusidanganyane kwa jina la upole. Yako mambo katika dunia ya gemu yanayostahili karipio tupu. Gemu inayomuuzia mtoto masanduku ya bahati, alipe kwanza ndipo aone alichopata, mpaka kadi ya benki ya mama inaisha bila mama kujua, hiyo tusiitafutie sifa ya kusawazisha. Na kijana anayemsifu rafiki yake kwa kazi ambayo hata hakuifungua amemdanganya. Sifa ya uongo ni neno bovu pia.

Somo kutoka Guildford

Hapa karibu nasi, Guildford, chini ya saa moja kwa treni kutoka Waterloo, kuna kampuni ndogo ya gemu iitwayo Hello Games. Vijana wetu wengi wanaifahamu. Agosti 2016 ilitoa gemu ya safari za angani iitwayo No Man's Sky. Hata kabla haijatoka, tarehe iliposogezwa kutoka Juni hadi Agosti, kiongozi wa kampuni hiyo, Sean Murray, alieleza hadharani kwamba amepokea vitisho vingi vya kuuawa. Mtu kutishiwa uhai kwa sababu mchezo umechelewa wiki chache!

Gemu ilipotoka, hasira ikazidi. Tuwe wa haki: walionunua walikuwa na sababu ya kulalamika. Mambo waliyotarajia kutokana na maneno ya kampuni hayakuwemo. Wachezaji wawili walikubaliana kukutana kwenye sayari moja, wakafika mahali pale pale, na hawakuonana. Lalamiko kama hilo ni la kweli, na lina faida, kwa kuwa linamwambia fundi ni nini kinachokosekana. Kitisho cha kuua hakimwambii fundi arekebishe nini.

Kampuni ikanyamaza, ikafanya kazi. Novemba 2016 ilitoa nyongeza ya kwanza kubwa, na nyingine zikafuata, zote bure kwa waliokwisha kununua. Julai 2018 wachezaji wakaweza kuonana na kucheza pamoja kikamilifu. Mwaka 2019 baadhi ya wachezaji wakachangishana fedha, wakalipia bango kubwa la barabarani karibu na ofisi ya kampuni kule Guildford, la kusema asante. Na Novemba 2024, zaidi ya miaka minane tangu kutolewa, jumla ya maoni ya wachezaji kwenye duka la mtandaoni la Steam, ambako wakati fulani yalikuwa mabaya kabisa, ilifika daraja la nzuri sana.

Kwa nini tunasimulia hili kanisani? Kwa sababu ya wale waliochanga. Wao pia waliiona kasoro ya mwaka 2016. Ila walibaki, wakatazama kazi inavyotengenezwa, na ilipotengenezwa hawakuona aibu kusema asante kwa sauti ile ile iliyotumika kulalamika, yaani hadharani. Watu wa dunia wamelifanya hilo kwa ajili ya mchezo. Je, sisi tulioitwa na Kristo hatuwezi kulifanya kwa ajili ya watoto wetu na ndugu zetu?

Tufanye nini wiki hii

Kwenu vijana wetu. Katika kikao chenu cha mwezi uliopita mmoja wenu alikiri kwamba ameshaandika matusi chini ya gemu ya mtu bila kufikiri kwamba nyuma yake kuna mtu. Tulimshukuru kwa ukweli wake. Kabla ya kuandika, chezeni kwanza. Tajeni kilicho kizuri kwa jina lake: sauti, rangi, hadithi. Tajeni kasoro ya kazi, msiguse ukoo wa mtu, rangi yake wala akili yake. Mkiweza, onyesheni njia ya kuirekebisha. Kama jambo ni zito, mtumieni mwenyewe faraghani. Na ikitengenezwa, rudini mkaseme. Kitisho msikiandike kamwe. Katika nchi hii, chini ya Sheria ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2023, kutuma kitisho cha kuua ni kosa la jinai. Lakini sheria ina mpaka wake. Inaweza kumzuia mtu asitishe, haiwezi kumfundisha kusema asante.

Na mkiandikiwa mabaya ninyi, mwonyesheni mtu mzima. Tafuteni ndani yake kama kuna neno moja linaloweza kuwasaidia, mlichukue, mengine yaacheni. Thamani yenu haikuandikwa na watu wasiowajua.

Kwenu baba na mama. Tunajua mnatoka kazini mmechoka, na tunajua hofu ya kuona mtoto anapotea kwenye skrini. Endeleeni kuweka mipaka ya saa, na hesabu ziulizwe. Lakini wiki hii kaeni dakika ishirini na mtoto wenu, mwambieni awaonyeshe anachocheza au anachotengeneza. Ulizeni kabla ya kuhukumu. Tafuteni jambo moja jema la kweli, mlitaje. Baada ya hapo neno lenu la onyo litasikika, kwa sababu atajua kwamba mmeona.

Na kwetu sisi wazee wa kanisa. Jumatano iliyopita tulikwenda nyumbani kwa kijana huyu. Tulimwomba msamaha mbele ya wazazi wake. Kwa kuwa tulimkosea kundini, msamaha tumeuandika kundini pia, na tunaurudia hapa. Tulimshukuru kwa miaka miwili ya kazi, na tulimwambia kweli kwamba maneno bado yanahitaji kutangulia kidogo waimbaji hawajaanza. Alicheka. Kama atarudi kwenye projekta au la, hakutuambia, nasi hatukumsukuma. Alituonyesha gemu yake. Ukuta wa soko hauwanasi watu tena. Mama alipewa usukani, akaifikisha daladala Kariakoo huku akimsahihisha konda jinsi ya kuita abiria, na kijana akachukua daftari akaandika.

Ya kuzungumza nyumbani

Ni nani katika nyumba yetu ambaye kazi yake tunaiona inapoharibika tu? Ni lini mara ya mwisho tulimrudia mtu tuliyemkosoa, tukaona alivyotengeneza, tukamwambia?

Tuombe

Bwana Yesu, wewe unayajua matendo yetu, mema na mabaya, wala hukutuacha. Utusamehe kwa maneno tuliyotupa tukaondoka, na kwa sifa tulizozifungia moyoni. Uwaponye vijana wetu waliojeruhiwa na maandishi ya watu wasiowaona, na waliojeruhiwa na sisi tunaowaona kila wiki. Utupe macho ya kuona jema kwa jina lake, ujasiri wa kusema kasoro bila chuki, na subira ya kubaki mpaka kazi yako ndani ya kila mmoja wetu ikamilike. Amina.

Bwana awabariki nyote, muwe na wiki njema.